Gobore la Uthmani na Mikono ya Révérien

Jumapili tarehe 21 Agosti 2022, katika hospitali moja ya Bujumbura, Uthmani Massoudi alikatwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Madaktari hawakuwa na mengi ya kukata. Kiganja kilikuwa kimebaki nyasini kwenye bonde la Rusizi, upande wa Gihanga. Kesho yake mdogo wake, Karimu, alikwenda kukitafuta akizike kama inavyotakiwa. Alipata dole gumba tu. Alilifunga kwenye kitambaa cheupe, akalizika.

Uthmani ni mchinja kuku. Kibanda chake cha mabati kiko Buyenzi, nyuma ya soko, na mfereji wa damu unapita katikati ya sakafu. Mikahawa ya mtaa wa Asiatique hununua kwake. Magari ya matajiri wa Kinindo hufika wakati wa harusi. Kisu kipo mkono wa kulia, lakini kazi ngumu hufanywa na wa kushoto. Ndio unaobana mbawa na miguu kwa pamoja, na dole gumba lake ndilo linalorudisha kichwa nyuma ili ngozi ya shingo ivutike. Kuku aliyeshikwa vibaya hukatwa vibaya. Koromeo linapasuka, mishipa inabaki mizima, ndege anakufa kwa kukosa pumzi, na Mwislamu hawezi kumla. Huyo anaitwa kibudu. Mchinjaji anayeuza vibudu hana wateja.

Bunduki iliyomlemaza ilikuwa ya babu yake. Lilikuwa gobore la kasiba mbili, yaani mitutu miwili, kazi ya mafundi wa Liège, zee kuliko babu mwenyewe. Gobore halifunguki. Kila kitu kinaingilia mdomoni: baruti, kizibo cha katani, marisau, zile goroli ndogo za risasi, kizibo kingine, vyote vikishindiliwa mpaka chini kwa mdeki, fimbo ndefu ya chuma. Mwisho fataki ndogo ya shaba inavishwa mahali nyundo inapopiga. Familia ilikuwa na magobore mawili. Moja lilikabidhiwa serikalini raia walipotakiwa kurudisha silaha. La pili lilibaki darini, bila kibali. Baruti ilitoka kwa mtu wa machimbo ya mawe, na marisau aliyayeyusha Karimu, fundi wa kuchomelea vyuma, kutoka kwenye betri za magari zilizokufa. Mlio wa gobore ni mzito na unaacha moshi mwingi. Watu wa bondeni, ambao wamesikia bunduki za kila aina, waliutambua na kuendelea kulima.

Mwenzake wa kuwinda alikuwa Révérien, mtumishi mstaafu wa idara ya ardhi, Mkatoliki, mkazi wa mtaa wa Gasenyi. Walicheza timu moja ya mpira ujanani. Wakati wa kiangazi, Jumapili baada ya misa ya kwanza, walipanda baiskeli zao na kushuka bondeni kutafuta kwale, bata maji na kanga. Uthmani alipiga. Révérien alishindilia.

Mgawo huo wa kazi ulitokana na dini ya mmoja na tumbo la mwingine. Ndege aliyekufa kwa marisau kabla ya kufikiwa na kisu, Uthmani hakumgusa. Alikuwa wa Révérien, na mke wake Daphrose alimpika kwa ndizi jioni hiyohiyo. Ndege aliyekutwa anapumua alichinjwa papo hapo na kuwa wa Uthmani. Kwa hiyo kila mlio ulifuatwa na mbio. Moshi ukiwa haujatawanyika, Uthmani alikuwa ameshamtupia mwenzake gobore na kuchomoka na kisu, akipita miiba na matope, kumwahi ndege anayejipigapiga chini. Révérien alibaki nyuma anamimina baruti na kumzomea.

"Pole pole, Shehe. Usivunje muguu sababu ya nyama yangu."

Uthmani alirudi na ndege aliyechinjwa, damu mpaka kwenye mikunjo ya shati. "Uyu alikuwa muzima, chef. We ngojea maiti yako." Alimwita hivyo, mkuu, kwa ajili ya ofisi yake ya zamani.

Kasiba mbili zilikuwa na kanuni yake. Ikipigwa moja, mdeki unatumbukizwa kwanza katika kila kasiba. Ndani ya ile tupu, unashuka mpaka chini na kulia juu ya chuma. Ndani ya ile iliyojaa, unagota na kubaki ukichungulia nje. Ni kipimo cha kupepesa jicho. Révérien alikuwa amekifanya miaka mingi.

Siku ile mpunga ulikuwa umevunwa na kanga walishuka kuokota punje zilizoanguka. Walikuwa kundi kubwa, weusi wa madoadoa, vichwa vitupu vya buluu. Uthmani alisogea kwa tumbo nyuma ya tuta, akainuka, akapiga kasiba ya kulia katikati yao. Mmoja alipasuliwa kifua akafa alipokuwa. Wa pili alivunjika bawa na mguu, akawa anazunguka juu ya ardhi akipiga kelele ile ya kanga inayofanana na msumeno wenye kutu. Wa tatu alikimbia na utumbo unaning'inia, akaingia majanini.

Uthmani alirusha gobore nyuma bila kutazama. Alimchinja wa pili, akamwacha anatetemeka, akaingia majanini kumfuata wa tatu. Alimkuta amejibanza chini ya kichaka, mdomo wazi. Alimvuta kwa shingo, akamchinja.

Nyuma yake kundi lilikuwa limetua tena, karibu zaidi kuliko mwanzo. Révérien aliliona. Alitaka gobore liwe tayari kabla ndege hawajashtuka, na hakutumbukiza mdeki. Kwa haraka alikosea upande, akamimina baruti na marisau katika kasiba ya kushoto, ambayo ilikuwa bado imejaa, akashindilia kwa nguvu. Kisha akavisha fataki mpya upande wa kulia, kwa kuwa macho yaliona nyundo ya kulia ndiyo iliyolala. Kwa hiyo kasiba ya kulia ilikuwa na fataki bila baruti, na ya kushoto ilikuwa na mizigo miwili juu ya chuma kilicholiwa na kutu kwa zaidi ya miaka mia.

Uthmani alirudi anahema, akatupa kanga chini, akapokea gobore. Kundi liliinuka. Alivuta kulia, na fataki ikalia peke yake. Alidhani baruti imelowa. Akavuta kushoto.

Kasiba ilifunguka pale aliposhikia. Révérien aliona mkono wa rafiki yake ukiondoka. Kipande cha chuma kilimpita Uthmani sikioni kikachukua nusu ya ndewe, kingine kilizama begani, na baruti iliyokuwa bado inawaka ilimtoboa uso kwa vidoti vyeusi ambavyo havijatoka mpaka leo. Hakuanguka mara moja. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, akatazama damu inavyoruka juu ya magoti yake, akasema apewe kisu chake kisipotee.

Révérien alifungua mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, akaukaza juu ya kiwiko mpaka ngozi ikawa nyeupe. Daktari alisema baadaye kwamba mpira huo ndio uliomwacha hai. Révérien alimpakia kwenye baiskeli, akamfunga kwa shati lake mwenyewe ili asidondoke, akasukuma mpaka barabara ya lami.

Hospitalini polisi waliuliza bunduki ilitoka wapi. Walichukua kitako na mabaki ya vyuma, wakasema watarudi. Hiyo ndiyo sababu shauri halikufika mahakamani: anayeshitaki angelazimika kueleza gobore lisilo na kibali, na wote wawili walilishika.

Karimu hakuhitaji mahakama. Watu wa mtaani walikuwa wameanza kusema kwamba mtu anayepata nyama mwenzake akichelewa ana sababu za kumuumiza, na kwamba mtu hakosei hivyo baada ya miaka yote hiyo. Juma lililofuata alipanda Gasenyi na nyundo ya karakanani. Alimkuta Révérien kizingitini anakula maharage. Alimpiga goti la kifua, akamkalia, akavuta mkono wake wa kushoto juu ya saruji.

"Mukono kwa mukono," alisema. Akapiga.

Alivunja vidole viwili. Pigo la tatu lilikosea na kupasua saruji, kwa sababu Daphrose alikuwa amemwagia mgongoni sufuria ya maharage yanayochemka. Karimu alipiga ukelele, akageuka na kumpiga mama huyo kwa mpini wa nyundo, jino likatoka. Majirani wakatokea na mawe na vipande vya mbao, wakipaza sauti kwa Kirundi: umusuma, mwizi. Mtaani hapo mwizi hafikishwi popote. Walimvunja mbavu. Mmoja alikuwa amekwenda kutafuta petroli.

Révérien alitambaa mpaka katikati ya miguu yao, akalala juu ya Karimu, mkono uliovunjika umeinuliwa ili usikanyagwe. "Mumuache," alisema. "Apana mwizi. Ni mambo ya kwetu." Alirudia mpaka wakamwelewa. Jiwe moja lililokuwa limeshatupwa lilimpata yeye kichwani.

Uthmani aliambiwa hayo akiwa bado na bandeji. Mkewe, Yasmina, anasema aliuliza tu kibanda kimefungwa kwa kufuli gani.

Alirudi kazini kidonda hakijakauka vizuri. Kwanza alijaribu kumkanyaga kuku mbawa kwa mguu na kushika kichwa kwa meno ya koleo. Shingo zilichanika. Kuku walikufa wakikoroma, na mkahawa mmoja wa Asiatique ulirudisha kapu zima baada ya mpishi kuona mikato. Yasmina akajitolea kushika. Alifumba macho kisu kilipokaribia, mikono ikalegea, na jogoo aliyekatwa nusu aliruka mapajani mwake, akakimbia sokoni akimwaga damu juu ya mafungu ya nyanya mpaka akaanguka chini ya meza ya mama muuza dagaa. Watu walicheka. Siku hiyohiyo wateja wawili walichukua pesa zao na kwenda kwa mchinjaji mwingine. Uthmani hakuwa na kazi nyingine aliyowahi kufanya, na kibanda ni cha kupanga.

Alimtuma Karimu, mbavu zikiwa bado zimefungwa, akamwite Révérien. Karimu alikataa. Uthmani akamwambia kwamba aliyejua njia ya kwenda na nyundo anaijua pia bila nyundo. Karimu alikwenda, akasimama nje ya lango la Gasenyi, akatoa ujumbe kwa Daphrose bila kuvuka kizingiti. Daphrose alimsikiliza, akamtemea mate miguuni, akamwita mumewe.

Révérien alifika Buyenzi siku ya pili, kofia ya kapelo mkononi. Alikuwa ametayarisha maneno ya kuomba msamaha. Alianza kuyasema kwa Kifaransa, akahamia Kiswahili, akakwama. Uthmani alimwacha akwame. Kisha akainua kigutu.

"Ile mukono ilikuwa inashika kuku. Sasa utashika we."

Révérien aliuliza kama hiyo ndiyo samahani.

"Apana. Samahani utaomba Mungu. Mi nataka mukono."

Baadhi ya wateja walinung'unika kwamba Mkristo anashika nyama yao. Imamu wa msikiti wa jirani aliulizwa, akajibu kwamba kinachohesabiwa ni mkono wenye kisu na jina la Mungu linalotamkwa. Minong'ono ikaisha.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Vidole vya Révérien viliungana vikiwa vimepinda, na kuku walichomoa bawa moja na kumpiga nalo usoni. Asubuhi moja kichwa cha kuku kiliteleza, kisu kikapita shingoni na kuendelea mpaka kwenye kifundo cha mkono wa Révérien. Damu mbili zilichanganyika sakafuni. Révérien alimtazama Uthmani. Uthmani alifuta kisu kwenye aproni, akamwambia akafunge mkono na arudi, kuku bado wapo. Hakuna aliyeuliza kama ni bahati mbaya. Révérien alifunga mkono, akarudi.

Sasa kazi inakwenda. Révérien hubana mbawa na miguu, kidole chake kilichopinda kikirudisha kichwa nyuma, Uthmani hutamka na kukata, na ndege hutupwa kwenye pipa ambako hupiga mateke mpaka atulie. Mikahawa ya Asiatique imerudi, pamoja na ule uliorudisha kapu. Wawili hao hawatembeleani na hawajawinda tena. Karimu akipita kibandani humsalimia kaka yake tu.

Mwaka jana mtoto wa Révérien, Audace, alitaka kumhamishia baba yake katika mji wa Ngozi, kaskazini, akapumzike. Révérien alileta habari hiyo kazini, akauliza ataendelea kushika mpaka lini.

"Mpaka uyu uote," alisema Uthmani, na kuonyesha kigutu. Kisha akasogeza tenga la kuku kwa mguu.

Audace alirudi Ngozi peke yake.

Jumamosi hii kuna harusi Kinindo. Kuku watashushwa Buyenzi kabla ya adhana ya alfajiri. Révérien atawashika, Uthmani atawachinja.