Kidonge cha Saa Nane Mchana

Mwezi wa kumi, viazisukari vinapong'olewa katika bonde la Mto Mwekundu, watu wa huko Minnesota hawaugui. Yaani wanaugua, ila hawana nafasi ya kusema. Malori hutembea usiku na mchana, zamu kwa zamu, na ukimuuliza mtu hali yake atakujibu, "Si mbaya sana," hata kama mguu wake umevunjika.

Mainhia Thao alilijua jibu hilo vizuri. Alikuwa mfamasia mwenye shahada na leseni, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili wa mafunzo ya juu. Mwaka wa kwanza aliumalizia wodini, katika hospitali kubwa ya jijini. Huu wa pili alikuja kujifunza kazi ya wagonjwa wa nje: wale wanaokuja kliniki kwa miguu yao, wakakaa nusu saa, kisha wakaenda zao kuishi na dawa zao pale ambapo hakuna nesi anayewaona. Wodini mgonjwa humeza mbele yako. Huku unabaki kuamini tu.

Mwalimu wake, Lorna Fjeld, alikuwa amewafundisha wengi kabla yake. Desturi yake ilikuwa kukaa kwenye kona ya chumba, mikono mapajani, bila kusema neno isipokuwa mgonjwa angeelekea kudhurika. Ukimya huo ulikuwa umewaliza wanafunzi kadhaa. Jumatano hiyo ulikuwa na uzito zaidi. Wiki iliyofuata Lorna angefanyiwa upasuaji wa goti na kukaa nyumbani mpaka karibu na Krismasi. Ama Mainhia angeonekana anaweza kuiendesha kliniki ya Jumatano peke yake, ama ingefungwa, na wagonjwa wake wote, wengi wao wazee, wangelazimika kuendesha gari hadi mji wa Fargo. Lorna hakumficha. "Leo nataka kuona," alimwambia asubuhi. "Mwisho wa wiki nitaamua."

Mgonjwa wa tatu alikuwa Orville Sletten, mkulima wa miaka sabini na moja, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu. Aliingia na mkewe Ardis, kofia mkononi, viatu vimelegezwa kamba kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Tangu mwezi uliopita alikuwa ameongezeka ratili tisa, na hazikuwa za nyama, zilikuwa za maji.

"Hali yako, Bwana Sletten?"

"Si mbaya sana."

"Vidonge vya kutoa maji unameza? Kimoja asubuhi, kimoja saa nane mchana?"

"Naam."

Mkataba wa kliniki na daktari ulimruhusu mfamasia kupandisha dozi katika hali kama hiyo. Njia ilikuwa nyeupe. Mainhia akasogeza kibodi. "Basi nitaongeza mara mbili."

"Sawa," alisema Orville, upesi, na tayari alikuwa ameanza kuvaa kofia.

Ile sawa ndiyo iliyomsimamisha. Mainhia alikuwa ameisikia maisha yake yote. Bibi yake, Mhmong wa milima ya Laos aliyevuka mto Mekong akiwa na watoto mgongoni na kuzeekea jijini St. Paul, alikuwa akimjibu kila daktari sawa, sawa, kwa heshima, huku akiitikia kwa kichwa. Alipofariki walikuta chupa zake za dawa zimejaa chini ya kitanda, zimepangwa vizuri kabisa. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mainhia alikuwa amefikiri sana juu ya bibi yake, na mwisho aliona kwamba hakuwa akificha chochote. Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali ambalo lingejibiwa kwa kitu kingine zaidi ya sawa.

Akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Bwana Sletten, unaendesha lori zamu gani?"

"Saa sita mchana mpaka saa sita usiku."

"Kwa hiyo saa nane uko shambani."

"Niko ubavuni mwa mashine, inanijazia viazi huku tunatembea. Lori likisimama, mashine inasimama, na nyuma yake kila mtu."

"Na mkojo ukikubana?"

Orville akaitazama kofia yake. Ardis akaangua kicheko hadi akashika ukuta.

"Mwambie binti wa watu! We Orville, mwambie, au nimwambie mimi?"

"Shamba ni tambarare," Orville alisema kwa sauti ya chini. "Mti hakuna. Kichaka hakuna. Na lori la nyuma yangu analiendesha mke wa mchungaji."

Mainhia alitamani kucheka, akajizuia, halafu akashindwa, na mzee naye akacheka. Baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe. Kidonge cha saa nane hakijaingia mdomoni tangu mavuno yaanze. Ila si kwamba anakitupa, la, yeye si mtu wa kupoteza kitu. Kiwanda cha sukari kikisimamisha kazi kwa sababu ya joto, maana viazi vikirundikwa na joto huoza, basi siku hiyo anakaa nyumbani karibu na choo na kumeza vyote alivyoviruka.

"Vyote? Kwa mara moja?"

"Ili tuwe sawasawa."

"Na mara ya mwisho joto liliposimamisha kazi?"

"Juzi. Alitoka kukagua lori uani, akaanguka kwenye ngazi yake," Ardis alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Kizunguzungu. Akaniambia ameteleza."

Mainhia akauliza na kuhusu chakula cha zamu. Mikate na kahawa. Na mbegu za alizeti, alisema Orville, za chumvi, ndizo zinazomzuia asisinzie. Mfuko mzima? Siku nyingine miwili.

Nje, koridoni, Lorna alivunja ukimya wake. "Mkataba unasema uongeze."

"Mkataba unadhani anameza."

"Miguu ile umeiona. Ukikosea atalazwa, na mimi sitakuwepo."

"Nikiongeza, siku ya joto atameza rundo mara mbili ya lile la juzi, na safari hii ataangukia chini ya gurudumu. Namtaka ameze vyote viwili pamoja akiamka, saa kumi na mbili asubuhi. Kufika saa sita dawa itakuwa imeshamaliza kazi yake. Akiruka, ameruka, halipi deni. Na mbegu zisizo na chumvi."

"Mpigie daktari umwambie hivyo hivyo."

Alimpigia. Daktari alisikiliza, akashusha pumzi. "Binti, umejiamini sana."

"Nimemuuliza, daktari."

"Haya. Damu yake ipimwe leo tuone figo. Ijumaa apimwe uzito. Asipopungua, anashuka kwenye lori na kulazwa. Mwambie mwenyewe."

Akamwambia. Orville alisikiliza, na kwa mara ya kwanza hakusema sawa. Alisema, "Nitajaribu."

Majibu ya damu yalitoka mazuri. Lakini Ijumaa kulikuwa na ubaridi mzuri wa kung'oa viazi, na Orville hakuonekana. Mainhia alipiga simu nyumbani, Ardis akamwambia mzee yuko kwenye banda la mashine, anaondoka saa sita. Basi Mainhia alilikunja koti lake kwapani, akaibeba mizani ya kliniki yenyewe, ile ile ya Jumatano, maana mizani mbili hazisemi lugha moja, akaitia ndani ya gari lake dogo.

Orville alipomwona akiishusha mbele ya banda alishika kiuno. "Umenifuata mpaka huku?"

"Lori lako linapimwa kiwandani kila safari. Wewe nani usipimwe? Vua viatu."

"Mbele ya vijana?"

"Baba, vua!" wakapiga kelele vijana wa zamu.

Udongo hudanganya mizani, kwa hiyo aliiweka kwenye sakafu ya saruji. Orville alipanda na soksi zilizotoboka. Ratili tano zilikuwa zimetoka. Mainhia akainama, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole. Shimo lilibaki, lakini la kina kidogo. Akampima presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Hakuyumba.

"Na mbegu?"

"Kama kutafuna maboksi," alisema Orville kwa uchungu wa kweli. Kisha akavaa viatu, akafunga kamba, akapanda lori.

Mchana Lorna alikuwa akimngoja mlangoni, amejiegemeza upande wa goti zima. "Tumewapima watu wawili kwa mizani ya watoto. Nani alikuruhusu kutoka na ile ya wakubwa?"

"Hakuna."

"Amepungua?"

"Tano."

Lorna akaitazama mizani mikononi mwa msichana, ina vumbi jeusi la bonde. Alikaa kimya, ukimya ule ule wa konani, lakini Mainhia hakuuogopa tena. Aliusubiri uishe, kama mtu anayesubiri mvua ndogo.

"Jumatano ukiwa peke yako, nenda pole pole na yule mama mwenye ugonjwa wa sukari," Lorna alisema hatimaye. "Anapenda kuulizwa habari za paka wake kwanza. Na mimi usinipigie. Nitakuwa nimelala."

"Nitamuuliza habari za paka," alisema Mainhia, akaingia ndani kuifuta mizani.