Kiwiko cha Joel Ostrander

Kila siku Joel Ostrander alipopangwa kurusha, Verlin Stroud alikaa mbele ya runinga kabla ya wimbo wa taifa, na hakuinuka mpaka kijana atolewe. Majirani walidhani anampenda sana. Mimi niliyelala majira mengi ya baridi, na baadaye mwaka mzima, kwenye chumba cha juu ya gereji yake najua alichokuwa akikitazama. Alikuwa akitazama kiwiko.

Verlin alitafuta vipaji kwa niaba ya klabu ya besiboli, na eneo lake lilikuwa kusini mwa Indiana na magharibi mwa Kentucky. Mimi nilikuwa mzungukaji wa namna nyingine. Nilikata nyasi na kuchora mistari ya chokaa kwenye viwanja vya timu ndogo, msimu huu hapa, msimu ujao kule. Kila nilipokuwa pande zake nilimkuta ameshafika, ameketi peke yake upande wa kushoto, anatafuna mbegu za alizeti. Alifika kabla mpira haujarushwa na aliondoka basi la wageni likishaondoka.

"Kurusha kila mtu anaona," aliniambia. "Mimi nataka kumwona kijana akiwa hajui kuwa anaonwa."

Aliangalia jinsi anavyobeba mfuko wake, anavyomjibu kocha akikosea, anavyoufunga mlango wa gari la mama yake. Hivyo ndivyo alivyompata Cordell Mabry, kwenye mashamba ya tumbaku ya Kentucky, watafutaji wengine wote wakiwa wamemwona mwembamba mno. Verlin alikaa jikoni kwa mama Cordell, akala maharage na mkate wa mahindi, akamwambia kuwa mtoto huyu atamtazama kama wake. Na kweli, yeye na mkewe Oleta hawakujaliwa mtoto. Picha ya Cordell ilitundikwa sebuleni mwao, pale ambapo watu wengine hutundika wajukuu. Katika vijana wote aliowapata, ni huyo peke yake aliyekuwa nyota. Watafutaji wenzake walimtania uwanjani: "Baba Cordell, mwanao kapiga ngapi jana?" Alijifanya kukasirika.

Sasa, Cordell alikaribia kumaliza mkataba. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba vuli ikifika atakwenda kwenye klabu ya mji mkubwa, maana klabu yetu haikuwa na mfuko wa kumshika. Meneja wa klabu, Neil Kessler, ndiye aliyekuwa akipanga nani aje na nani aende, na mbele yake zilikuwepo njia mbili. Angeweza kumshika Cordell mpaka mwisho. Akishaondoka, klabu ingepewa zamu ya ziada mwezi wa sita unaofuata, klabu zote zinapokaa kuchagua vijana waliotoka shule. Au angeweza kumtoa sasa hivi, mwezi wa saba, kwa klabu inayokimbilia ubingwa, na wao wampe vijana watatu wanaokua.

Zamu ni mtoto ambaye ndevu bado, humjui atakuwa nani. Wale watatu walikuwa tayari kwenye timu za chini, mtu angeweza kwenda kuwatazama. Lakini wawili kati yao walikuwa nyongeza tu, kama nyanya mbili anazokutupia muuzaji juu ya fungu. Jambo lote lilimtegemea wa tatu, mrushaji, Joel Ostrander.

Kessler alimpigia Verlin simu, ingawa kijana hakuwa wa eneo lake. Akamwambia kwamba ofisi nzima inampenda Joel, lakini uamuzi atamwachia yeye. Akisema ndiyo, Cordell anatoka. Akisema hapana, anabaki. Verlin akamwambia si haki kumuuliza yeye katika watu wote.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, mzee," Kessler akasema. "Ukiniambia nimtoe mwanao, nitajua huyo kijana ni mzuri kweli."

Hakuna kati yao aliyefikiria upande wa pili wa maneno hayo.

Joel alikuwa akichezea mji mmoja wa Iowa, na msimu ule mimi ndiye niliyekuwa nikitunza uwanja wao. Ilikuwa mchana wa joto la mvua. Verlin alinisalimia kwa kichwa tu, akaenda kukaa upande wake wa kushoto. Kijana alirusha vizuri. Mpira ulilia kwenye glovu ya mdakaji mpaka wauza soseji wakageuka. Mimi nilikuwa natazama mawingu, nahofia mistari yangu.

Mchezo ulipokwisha nilikuwa namwagia maji kile kichuguu anachosimama mrushaji. Verlin akaja mpaka kwenye uzio.

"Umeona?"

Nikamuuliza nini.

"Akirudi kwenye benchi. Anaingiza mkono kwenye shati anabonyeza kiwiko, hapa ndani. Anangoja kocha ageuke kwanza."

Nikamwambia mimi nilikuwa naangalia mvua. Alinitazama kama nimemwangusha, akarudi kwenye gari lake.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na Oleta mwenyewe, miaka mingi baadaye, tukimenya viazi. Alikuwa anaosha vyombo, Verlin akaingia na kumwambia kwamba mkono wa kijana yule hautamaliza miaka miwili. Oleta akafunga bomba.

"Verlin, umeona, au umetaka kuona?"

Akamjibu kwamba alianza kuangalia mikono ya watoto kabla hajamwoa.

"Hilo silo nililokuuliza."

Verlin akachukua simu na kwenda nayo ukumbini.

Kessler alimwamini. Siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji ilipita na Cordell hakwenda kokote. Verlin alifurahi wiki ile mpaka akapaka rangi banda la nyuma ambalo Oleta alikuwa amelililia tangu majira ya kuchipua. Kisha Cordell akapiga simu.

"Mzee, walitaka kunipeleka kwenye timu ya fainali."

"Najua, mwanangu."

"Wanasema wewe ndiye uliyezuia."

"Nilisema juu ya mkono wa kijana wa watu. Juu yako sikusema kitu."

Cordell akasema, "Ningevaa pete, mzee." Maana mabingwa huvishwa pete, na mchezaji bila pete hujiona hajamaliza kazi hata awe nani. Klabu ile ilichukua ubingwa bila yeye. Vuli ilipofika Cordell alisaini kwenye mji mkubwa, akacheza mpaka magoti yakamshinda, na pete hakuipata. Kwa Verlin hakupiga tena. Mama yake aliendelea kutuma kadi ya Krismasi, kisha naye akaacha. Picha ilibaki ukutani, maana hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuitoa.

Ile zamu ya ziada, Kessler alimwachia Verlin amchague anayemtaka. Akamchagua mdakaji wa huku kwetu, ukingoni mwa mto Ohio, kijana mwenye adabu, wa kufunga mlango wa mama yake polepole. Misimu miwili kuupiga mpira unaopinda hewani kulimshinda kabisa. Akarudi kwao kufunga majiko ya kupasha nyumba moto pamoja na baba yake. Hana kinyongo chochote. Akikutana na Verlin dukani humwita kutoka mbali, "Kocha, jiko linawaka?" na kumshika bega. Verlin alianza kwenda duka la mji wa pili.

Joel Ostrander alipanda ligi kuu mwaka uliofuata. Akarusha mwaka ule, na mwingine, na mwingine. Kessler alifukuzwa. Kabla hajaondoka alimpigia Verlin kumuaga, akamwambia hamlaumu.

"Nilaumu," Verlin akasema.

"Siwezi. Nilikuamini kwa sababu hujawahi kunidanganya, na siku ile pia hukunidanganya. Afadhali ungenidanganya, mzee."

Waliokuja baada ya Kessler walimstaafisha Verlin kwa heshima na koti lenye nembo ya klabu. Alilitundika gereji. Mimi nililivaa nikikoroga rangi wakati wa baridi.

Ndipo yakaanza mambo ya runinga. Alisogeza kiti karibu mno na kioo. Hakutazama mpira unaenda wapi, wala nani anaongoza. Alingoja kijana arudi kwenye benchi. Na kweli, Joel alikuwa bado anaingiza mkono kwenye shati na kubonyeza kiwiko, wala hakumficha mtu. Watangazaji walikuwa wakicheka. Ilikuwa tabia yake tu, kama mwingine anavyotafuna kucha. Siku moja ya kiangazi nilimpeleka Verlin kutazama watoto wa mtaa wakicheza, kumtoa nje kidogo. Mrushaji wao, mtoto wa kama miaka tisa, alibonyeza kiwiko kabla ya kila mpira, kumwiga Joel. Verlin akasema tumbo linamuuma, tukarudi.

Halafu ikaja ile Jumapili. Oleta alikuwa kwenye kochi anafuma soksi, mimi mlangoni na kahawa yangu. Katikati ya mchezo Joel alisimama ghafla, akashika mkono wake wa kurushia, akamwita daktari kwa ishara. Verlin akaruka kutoka kitini. Sijawahi kumwona mzee yule mwepesi namna ile. Uso wake ulikuwa umefunguka, ulikuwa uso wa mtu aliyepokea mgeni. Akageuka kutuambia, na akakutana na macho ya Oleta.

Ilikuwa ni kucha tu, imepasuka. Wakaifunga, Joel akaendelea.

Oleta akakusanya uzi wake akaenda jikoni. Tangu siku ile hakukaa tena sebuleni Joel akirusha. Hawakulizungumza jambo lile, si mbele yangu.

Mwaka jana Joel Ostrander alistaafu, mkono ukiwa mzima. Walimfanyia sherehe uwanjani baada ya mchezo wake wa mwisho. Wakaleta mama yake, wakaleta watoto wake, uwanja mzima ukasimama na watu kwa maelfu wakabonyeza viwiko vyao kwa pamoja, wakicheka. Naye akacheka, akavua kofia, akashuka ngazi za benchi, akapotea. Runinga ikaingia matangazo ya magari.

Verlin alikuwa ameegemea mbele, viganja magotini.

"Kipindi kimekwisha, Verlin?" Oleta aliuliza kutoka jikoni. "Chakula kinapoa."

"Bado," akasema.

Alisema hivyo na kwenye kioo yalikuwa yakipita magari tu.