Wimbo wa Wageni

Jumamosi nilipita kwenye kanisa ninakosali tangu nihamie Igoma, nikamkuta binti mdogo akifagia. Nikakumbuka Kiseke.

Tulipohamia kule nikiwa mtoto, Jumapili mbili za kwanza kanisa zima lilituimbia wimbo wa wageni na kutupigia makofi ya kilo. Viganja vyenye harufu ya mafuta ya nazi vilinishika mashavu. Jumapili ya tatu akaja msichana mwenye gauni la njano. Wageni wakaambiwa wasimame, nami nikasimama.

Mama mmoja, mzee wa kanisa, akanivuta nikae. "Mwache mwenzio aimbiwe. Wewe Jumamosi njoo na ufagio."

Nililia njia nzima, nikiamini wamenichoka na hiyo ndiyo adhabu. Jumamosi nikafagia. Vumbi lililonyunyiziwa maji lilinukia, upepo wa ziwa ukaleta harufu ya dagaa, na kila nilipoinama nilimwonea wivu yule wa gauni la njano.

Hapa Igoma natimiza mwezi wa nne, na kila Jumapili bado wananisimamisha na wageni.

"Shikamoo, mgeni," binti akaniamkia.

"Marahaba," nikaitikia, nikimwonea wivu kwa ule ufagio.