Ng'ombe Aliyekula Rabat ya Maître

Chekeni sasa hivi, kabla sijaanza, ili tumalizane, maana watu wa Masisi walishacheka zamani na mimi nimezoea: ndiyo, ni mimi niliyemkimbiza ng'ombe mbele ya mahakama nikiwa nimevaa toga, joho la wakili, tena isiyo yangu.

Nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari Goma, na kabine moja ya mawakili ilikuwa inachukua wanafunzi wa mjini wakati wa likizo kubwa, staje, yaani mafunzo ya kazi, tena ya kulipwa kabisa (mama aliwatangazia majirani wote, hata wale tuliokuwa hatusalimiani nao). Kazi yangu ilikuwa kumbebea wakili mmoja, Maître Solange, vitu vyake: mafaili, toga, na rabat, kile kitambaa cheupe ambacho wakili anafunga shingoni juu ya toga.

Siku hiyo tulipanda Nyamitaba, huko Masisi, kumtetea Mama Vumilia, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, Mahoro, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yanasomesha watoto. Baada ya mazishi ya mumewe, shemeji yake alimchukua ng'ombe akisema ni wake, amemlea mwenyewe tangu ndama. Mahakama ilikaa kwenye uwanja wa mpira, na kwa sababu jaji alitaka kumwona ng'ombe, wakamfunga kwenye mlingoti wa goli.

Mimi nikaona doa kwenye rabat. Doa dogo kama punje ya mtama. Mtu wa kawaida angenyamaza, lakini mimi nikawaza kwamba jaji ataliona, atamdharau Maître, Maître atababaika, Mama Vumilia atapoteza ng'ombe, watoto watafukuzwa shule, na wote watalitaja jina langu kwenye maombi. Basi nikaifua haraka kwa sabuni, nikaitupa toga mabegani ili mikono iwe huru, nikatafuta jua (jua la Masisi unaliwinda), na jua lilikuwa golini tu. Nikaitundika pale. Kamba ya ng'ombe niliipima kwa macho mara tatu, nikaona haimfikishi. Nilisahau kwamba ng'ombe ana shingo.

Nilipogeuka, nusu ya rabat ilikuwa mdomoni. Nikavuta, akavuta, fundo la kamba likafunguka, Mahoro akatoka mbio katikati ya mabenchi na mimi nyuma yake, toga inapepea, mpaka nikateleza kwenye mavi ya ng'ombe huyo huyo na kusimama mbele ya meza ya jaji kwa magoti.

Mtu akasema nyuma, "Maître mudogo iko anakimbiza kesi yake."

Uwanja mzima ukalipuka. Shemeji akapiga miluzi, akapiga kelele, ng'ombe akazidi kukimbilia bondeni, na mimi pale chini nikawaza kwamba sasa nimempoteza Mahoro kweli, kwa mikono yangu. Ndipo Mama Vumilia akasimama, wala hakupaza sauti.

"Mahoro we. Kuya, mama."

Ng'ombe akasimama. Akageuka, akapanda polepole kupita watu wote, akaweka kichwa begani kwa Mama Vumilia, rabat bado inaning'inia.

Shemeji akadai ni bahati tu, ng'ombe yeyote anaitika. Jaji akamwangalia.

"Basi Papa, muite na wewe."

Akaita. Akaita tena, kwa sauti tamu. Mahoro hakutikisa hata sikio, aliendelea kutafuna.

Maître Solange akasimama, shingo tupu. "Mheshimiwa, shahidi wangu amemaliza kusema. Anamalizia tu rabat yangu."

Jaji alivua miwani kufuta machozi ya kicheko, kisha akaamua: ng'ombe arudi kwa Mama Vumilia. Vigelegele vilifika ng'ambo ya kilima, na wanawake walinibeba juu juu na mavi yangu.

Kwenye jeep nilikuwa na maneno ya kuomba radhi, nimeyapanga vizuri, lakini Maître hakunipa nafasi. Alisema amesoma droit, hiyo sheria, miaka mingi na hakuna aliyemfundisha namna ya kumhoji ng'ombe.

Leo na mimi nimemaliza masomo ya droit, na nimeapa sitafua tena kitu cha mtu bila kuombwa. Juzi Mama Vumilia alituma habari kwamba Mahoro amezaa, na ndama ameitwa Rabat. Ananialika nikamwone. Nitakwenda, lakini shingoni sivai kitu.