Chumvi ya Vyura wa Daktari Bilkis

Albano alipenda sana kuitwa mtaalamu. Mtaalamu wa nini? Wa kuosha matangi! Alitoka Masasi kuja mjini, akapata kibarua kwenye maabara moja ya kuchunguza wanyama, na kazi yenyewe ilikuwa kuwalisha vyura panzi na kuwabadilishia maji. Lakini akirudi Mwananyamala jioni, koti jeupe la kazini halivui ng'o. Alipita nalo mbele ya kila baraza, watoto wakimwamkia, "Shikamoo daktari," naye akiitikia marahaba bila haya. Mkewe, Eufrazia, aliyelifua koti hilo na kulipiga pasi ya mkaa, alikuwa akiyasikia yote kutoka uani, akasonya.

Siku hizo Ujamaa ulikuwa umepamba moto, na Albano aliudaka kwa mdomo. Kwake kila mwenye duka alikuwa kupe, kila aliyeezeka bati jipya alikuwa bepari. Balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama pale mtaani, alipohama, Albano akajipiga kifua kwamba nafasi ile ni yake. Mshindani wake alikuwa Mwinjuma, fundi baiskeli, asiyejua hata kuhutubia. Shida ni kwamba Mwinjuma watu walimpenda. Albano walimvumilia tu.

Hapo ndipo chumvi ikaadimika. Akina mama walipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, wakarudi mikono mitupu, na mboga zikaliwa hivyo hivyo, chapwa. Kumbe kule kazini kwa Albano lilikuwapo gunia zima.

Gunia lilikuwa la Daktari Bilkis, Mhindi wa Kibohora mzaliwa wa Upanga, mama mpole aliyechunguza ubongo wa chura unafanyaje damu yake inapokolea chumvi. Albano alimweleza mkewe habari hizo kwa mbwembwe kana kwamba kazigundua yeye. Chura akitiwa kwenye maji ya chumvi kwa ghafla, ubongo wake hunyonywa maji ukasinyaa. Akiongezewa kidogo kidogo, siku hadi siku, ubongo hujilimbikizia kemikali zake wenyewe, ukayashikilia maji yake, na maisha yakaendelea. Sehemu ya Albano katika elimu yote hiyo ilikuwa kuongeza chumvi tangini kila asubuhi. Basi!

Hata hiyo ikamshinda. Badala ya kuitia tangini, alianza kurudi na chumvi hiyo kwenye mkoba, akaifunga katika vipande vya gazeti na kuigawa nyumba kwa nyumba. "Mgawo wangu huu, ndugu zangu. Mie siwezi kula nyie mkikosa." Watu wakamshukuru mpaka akavimba.

"Baba Benedikto, chumvi hii umeitoa wapi?" Eufrazia alimwuliza.

"Kwa wakubwa. Wewe pika."

"Ni ya vyura. Irudishe. Ukifukuzwa kazi, huyu mtoto atakula hotuba zako?"

Albano akacheka. "Chura atanishtaki kwa nani?"

Eufrazia hakupata usingizi mzuri tangu siku hiyo. Kodi ya chumba, unga, ada ya Benedikto, vyote vilitegemea mshahara ule mdogo, na mwanamume mzima alikuwa akiuchezea ili aitwe balozi. Asubuhi ambayo daktari angewapasua vyura aupime ubongo wao, Albano aliondoka mapema, akarudi jioni akichekelea. Eti alikuwa amemwaga tangini chumvi yote iliyobaki guniani kabla daktari hajafika. Daktari alipoyapima maji, akakuta yamekolea barabara.

Jumapili ya uchaguzi watu walikusanyika penye bomba la maji, kila mmoja asimame nyuma ya anayemtaka. Mstari wa Albano ulikuwa mrefu, wa Mwinjuma watu wachache wa kuhesabika. Eufrazia alisimama nyuma ya mumewe kabisa, kama mke apasavyo. Mara Daktari Bilkis akatokea, amekuja kwa miguu kutoka barabarani.

"Albano, naomba tuzungumze pembeni."

"Pembeni?" Albano akapaza sauti, watu wamsikie. "Sema hapa hapa, daktari! Mie sina siri na wananchi!"

Lo, mdomo huo!

"Haya. Uliniambia uliwaongezea vyura chumvi kila siku."

"Kila siku!"

"Ubongo wao hauna hata dalili ya kemikali nilizozitarajia. Umesinyaa tu, kama wa chura aliyeonja chumvi asubuhi ile ile. Na gunia ni tupu. Chumvi yangu iko wapi?"

Nyuma kabisa mama mmoja akauliza kwa sauti, "Chumvi ya vyura? Ndiyo tuliyokula?" Mwingine akatema mate chini. Wakaanza kuhama, mmoja mmoja, kisha wote kwa mkupuo, wakajipanga nyuma ya Mwinjuma.

"Kesho usije kazini," alisema daktari, akaondoka.

Albano hakugeuka. Alihisi mtu mmoja bado yuko nyuma yake, akajikaza, akainua kidevu. "Wameona wivu tu, Mama Benedikto. Sie wawili tunatosha."

Hasira ilimpanda Eufrazia hata machozi yakamtoka. Akayafuta kwa upindo wa khanga, akatoka mstarini, akavuka ule uwazi mbele ya macho ya watu wote na kwenda kusimama nyuma ya Mwinjuma.