Mfuko wa Machinjioni

Bi Shoka hakupewa jina hilo kwa utani. Machinjioni hakukuwa na mwanamke mwingine aliyepasua mifupa ya ng'ombe, na mwanamume aliyemchokoza alijuta siku hiyo hiyo. Mume alishamkimbia zamani. Aliyebaki naye ni mdogo wake, mwosha matumbo, mpole mpaka anaudhi. Figo zake zilikufa, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine kila wiki.

Kila mfanyakazi alikatwa mshahara kuchangia mfuko wa matibabu. Wengi walikuwa wazima kabisa. Mwaka ulikatika bila wao kumeza hata kidonge cha kichwa. Huyu mmoja alikula nusu ya mfuko peke yake. Basi chokochoko zikaanza.

Siku ya mkutano Kifaru, mchuna ngozi, akasimama chini ya kulabu za nyama.

"Mimi sijaumwa tangu nizaliwe! Nitamlipia huyu mpaka lini? Atolewe!"

"Nikitolewa nakufa, kaka," mwosha matumbo akasema.

"Si ufe basi!"

Kifaru akamzaba kofi, mdomo ukapasuka. Kijana alipoanguka kwenye saruji, akamkanyaga mbavu. Lo! Bi Shoka hakuuliza swali. Alinyakua shoka, akaligeuza, akamshindilia Kifaru kisogo cha shoka gotini. Mfupa ukalia ko! Akampanda kifuani, akamtwanga ngumi za uso mpaka wanaume wanne wakamng'oa pale. Na alisikia raha, tusidanganyane.

Hospitali wakasema goti lipasuliwe upesi, la sivyo mguu unakatwa. Mtunza mfuko akawakusanya tena wote. Pesa zilizobaki zilitosha upasuaji, au mashine ya mwezi ule. Vyote viwili, haiwezekani.

"Anayetaka Kifaru alipiwe, anyooshe mkono."

Watu wakamtazama Bi Shoka, wakanywea. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mdogo wake.

"Shusha!" akamfokea. "Shusha, mjinga wewe!"

"Dada, goti umelivunja wewe," akajibu, mdomo bado umevimba. "Mwenzetu akatwe mguu?"

Mikono mingine ikafuata. Wa Bi Shoka haukunyooka.

Kijana alizikwa kabla ya mshahara mwingine kutoka. Kifaru alikuja mazikoni kwa magongo, akilia kwa sauti. Bi Shoka akamsogezea kiti, huku mikono ikimwasha kumpiga tena.