Nywele za Batasema

Kila nipitapo mbele ya saluni moja karibu na soko la Kasongo, harufu ya nywele zilizoungua hunirudisha kijijini kwetu Wamaza, kwenye ua wa Mama Zaina, jirani yetu.

Tulikuwa na mbwa mwekundu. Baba alimpa jina Batasema, yaani watasema, ili kila akimwita, majirani wajue kwamba umbea wao unamfikia. Mama Zaina akajibu kwa kumwita jogoo wake Tunasema.

Asubuhi moja Batasema alimwuma mguuni Amisi, mtoto wa mwisho wa Mama Zaina, aliyezoea kumpanda mbwa huyo mgongoni. Kwetu, mbwa akiuma, mwenyewe hangoji kuitwa. Hukata nywele za mbwa huyo na kuzipeleka kwa aliyeumwa, zikachomwa, majivu yakapakwa kidondani. Mama alizipeleka mbio, amezifunga katika jani la mgomba.

"Mama Zaina, ni mbwa yetu. Utusamehe."

"Mbwa iko mbwa, dada. Lete moto."

Amisi alilia, kisha akaomba ndizi. Tukacheka sote, moshi ukituwasha macho.

Kesho yake Batasema alidondosha mate na kuuma hata nguzo za jikoni. Baba alimwua kwa rungu, akamzika nyuma ya mihogo. "Mukiulizwa," akatuambia, "museme ilikimbia."

Kidonda kilikauka. Mama Zaina aliisifu dawa kila tulipokutana kisimani, na kila alipoisifu, Mama alirudi nyumbani asiweze kula. Hatimaye aliweka chini sahani ya bugali akasimama.

"Naenda kumwambia."

"Tulishaomba musamaha," Baba akasema. "Watu batasema tuliwaletea kifo."

"Basi baseme."

Nilimfuata. Hakuketi, wala hakuzunguka. "Ile mbwa ilikuwa na wazimu. Tuliiua, tukakuficha."

Mama Zaina hakutukana. Alimfunga Amisi mgongoni, akapanda pikipiki kwenda Kasongo kutafuta sindano ya kichaa cha mbwa. Dereva alitusimulia baadaye kwamba walipofika kwenye kijito, mtoto aliona maji akaanza kupiga kelele na kujikunja. Sindano isingefaa kitu tena. Amisi alirudi Wamaza amefunikwa kitenge.

Baada ya maziko, Mama Zaina alikuja kusimama mlangoni petu, asiingie.

"Siku ya nywele ulikuja mbio, dada," alimwambia Mama. "Na kesho yake?"

Baba alikuwa ndani, tulimsikia akikohoa.

Utotoni niliamini kwamba kukiri ni kupeleka nywele, na kwamba sisi tulikiri vizuri kuliko wengi. Siku ile ya nywele, kwa kweli, hatukuwa na la kuficha. Mbwa wa mtu yeyote huweza kuuma. Kosa letu lilizaliwa kesho yake, nyuma ya mihogo, tukiwa tumeshasamehewa.